Meseji ikifika mara mbili, hela isiingie mara mbili

Wadogo zangu, barua za safari hii zimenifurahisha, maana mmeanza kuniuliza mambo ya kazini yanayowanyima usingizi. Nimechukua moja, ya binti anayefanya kazi kwenye kampuni changa huko Mwanza. Wanauza bidhaa mtandaoni. Waliugawa mfumo wao kuwa huduma ndogondogo, zile maikrosevisi: ipo ya oda, ya malipo, ya stoo, ya meseji na ya ripoti. Mteja akibonyeza "Nunua", oda inaiita malipo, malipo inaiita stoo, stoo inaiita meseji, meseji inaiita ripoti, na kila moja inasubiri iliyo mbele yake imalize ndipo ijibu. Kampuni inayowatumia SMS ikizubaa, mteja anabaki kutazama kiduara kinazunguka, anabonyeza tena, oda zinakuwa mbili. Sasa bosi kasikia habari za Kafka, zana ya kupitisha jumbe kati ya huduma, na anataka iwekwe wiki hii hii. Binti anauliza aanzie wapi.

Pole, mdogo wangu. Kafka tuiweke kando kwanza, tutaifikia. Nataka uchukue karatasi uandike swali moja: mteja akishabonyeza, ni kazi zipi ambazo lazima azisubiri akiwa bado ameshika simu? Anahitaji kujua kwamba bidhaa ipo, oda imeandikwa, na ombi la malipo limetumwa. Basi. Hahitaji kusubiri ripoti ya mauzo ya bosi. Hahitaji kusubiri SMS ya asante. Mmemsimamisha mlangoni kwa ajili ya kazi zisizomhusu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko jina la zana yoyote.

Piga na hesabu kidogo. Tuseme kila huduma kati ya hizo tano inapatikana asilimia 99 ya muda, na kila moja inaanguka kwa wakati wake. Asilimia 99 inasikika vizuri. Ni dakika kama 14 tu za kukosekana kwa siku. Lakini mkizipanga mnyororo, moja ikisubiri nyingine, oda inapita pale tu zote tano zinapokuwa hai kwa pamoja. Hapo mnabaki na asilimia 95 hivi. Asilimia tano inayopotea ni zaidi ya saa moja kila siku ambayo mtu mwenye hela mkononi anashindwa kununua kwenu. Mtu huyo harudi kuwaeleza kwa nini kaondoka.

Sasa njia nyingine. Huduma ya malipo ikishapata hela haimwiti mtu. Inatangaza tukio moja: MalipoYamepokelewa, pamoja na namba ya oda, kiasi na saa. Tangazo linaenda kwa broka, yaani programu iliyo katikati ambayo kazi yake ni kupokea jumbe, kuzitunza na kuzigawa. Kila huduma inayotaka kusikia habari za malipo inajiandikisha kwenye mada hiyo na kupata nakala yake. Mpiga mbiu wa kijiji haendi nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mtu kasikia ndipo aendelee na safari. Anapiga mbiu na kupita, na kila mwenye masikio anajua la kufanya. Huduma ya malipo inakuwa vivyo hivyo. Haijui kama wasikilizaji ni wawili au kumi. SMS ikilala, jumbe zake zinajipanga kwenye foleni zikimsubiri mwenyewe aamke, na mteja kule mbele hana habari. Mwezi ujao watu wa masoko wakitaka pointi za uaminifu, wanaandika msikilizaji wao na kujiandikisha. Wewe wa malipo huguswi, wala huamshwi usiku.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Mwaka 1987 Ken Birman na Thomas Joseph wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza mfumo wao uitwao Isis, ambao ndani yake mlikuwa na huduma ya "habari": programu inatangaza chini ya kichwa fulani, na zilizojiandikisha zinapata. Kwa hiyo ukiambiwa ni fasheni ya vijana wa kampuni changa, usikubali.

Nimesema stoo ni ya kusubiriwa, na najua wapo watakaobisha. Wengi hupenda kila kitu kiwe cha matangazo, hata kukagua kama bidhaa ipo. Mimi nakataa. Ukimwambia mama aliyetuma hela ya sare za mtoto kwamba oda imekubaliwa, halafu baada ya nusu saa unamwambia saizi imekwisha, umemtesa. Tenga bidhaa kwanza kwa muda mfupi, papo kwa papo, ndipo umwombe hela. Vivyo hivyo kuingia kwa nywila na kuonyesha salio. Pale ambapo mtu anahitaji jibu ndipo apige hatua inayofuata, mpe jibu. Matangazo ni ya mambo yaliyokwisha kutokea.

Ndiyo maana nawasihi muyape matukio majina ya mambo yaliyokwisha: OdaImelipwa, MzigoUmeondoka, MtejaAmejisajili. Nikikuta ujumbe unaitwa TumaSMS kwenye mada ya wote, najua mtangazaji bado anamfikiria msikilizaji mmoja na kumwamrisha. Amri nayo ina nafasi yake, lakini inapelekwa kwenye foleni ya mhusika mmoja na lazima pawepo anayewajibika nayo. Tukio ni taarifa ya ukweli. Ukweli huo hata asipokuwepo wa kuusikia unabaki ukweli.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo nataka mkae nalo, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotea.

Ujumbe utafika mara mbili. Nasema utafika, sisemi unaweza kufika. Mkae mkijua hivyo kabla hamjaandika mstari wa kwanza.

Tuangalie kwa karibu. Tuseme mna pia huduma ya pochi za wateja, nayo imepokea tukio la malipo ya shilingi 20,000. Inalisoma, inafungua databesi, inaongeza 20,000 kwenye pochi, databesi inakubali. Kilichobaki ni kuiambia broka kwamba ujumbe huu umemalizwa. Kabla neno hilo halijatoka, sava inazimwa na kuwashwa upya kwa sababu mwenzako anaweka toleo jipya la programu. Broka haikusikia kitu. Kwa upande wake ujumbe ule bado una deni, hivyo huduma ikiamka inakabidhiwa tena, nayo kwa uaminifu wote inaongeza 20,000 nyingine. Kwenye logi hakuna kosa hata moja. Broka imefanya kazi yake, databesi imefanya kazi yake, programu imefanya ilichoandikiwa. Mhasibu ndiye atakayegundua mwisho wa mwezi, na mteja kwa wakati huo ameshazitumia.

Mtu atasema: basi tuthibitishe kupokea kwanza, ndipo tufanye kazi. Sawa, lakini sava ikizimika baada ya kuthibitisha na kabla ya kuongeza hela, ujumbe umefutwa na hela ya mteja haijaingia popote. Hakuna mpangilio wa tatu utakaokuokoa. Aliye upande mmoja wa mtandao hawezi kuwa na hakika kamili kama wa upande wa pili amepata neno lake, kwa sababu hata uthibitisho wenyewe unasafiri kwenye mtandao uleule. Wataalamu wanaliita tatizo la majenerali wawili, jina ambalo Jim Gray alilipa umaarufu mwaka 1978, na imethibitishwa kihisabati kwamba halina suluhu. Kwa hiyo unachagua: ujumbe ufike si zaidi ya mara moja, ukikubali kwamba mwingine utapotea, au ufike angalau mara moja, ukikubali kwamba mwingine utajirudia. Kwenye hela chagua kujirudia. Kilichojirudia unaweza kukitambua ukakikataa. Kilichopotea hakina wa kukusimulia.

Mtasikia pia ahadi ya "mara moja kamili". Kafka inayo tangu toleo la 0.11 la mwaka 2017, na ni kazi nzuri sana ya uhandisi. Ila inahusu yanayotokea ndani ya Kafka yenyewe, unaposoma kwenye mada moja na kuandika kwenye nyingine. Ukishatoka nje ukaandika kwenye databesi yako au ukatuma SMS, jukumu limerudi mikononi mwako.

Dawa yake ni hii, na haina gharama. Kila tukio lipewe kitambulisho cha kipekee na yule anayelitangaza, mara moja tu, pale linapozaliwa. Msikilizaji awe na jedwali dogo la vitambulisho alivyokwisha kushughulikia, na safu hiyo iwe na sharti la upekee. Ujumbe ukiingia, fungua muamala mmoja wa databesi. Ndani yake ingiza kitambulisho kwanza. Kwenye databesi ya Postgres tumia ON CONFLICT DO NOTHING, halafu angalia ni mistari mingapi imeingia. Ikiwa sifuri, ujumbe huu ulishapita: funga muamala, ithibitishie broka, endelea na mwingine. Ikiwa mmoja, ongeza salio ndani ya muamala uleule, ukamilishe, ndipo uthibitishe. Sava ikizimika katikati, kitambulisho na salio vyote vinarudi nyuma pamoja. Ikizimika baada ya kukamilisha, ujumbe utakuja tena na utakutana na kitambulisho chake kikiusubiri.

Sisitizeni hilo la muamala mmoja. Naona programu nyingi zinazotanguliza kuuliza "je, kitambulisho hiki kipo?" na zikijibiwa hapana zinaendelea. Mkiwa na nakala mbili za huduma zinazofanya kazi sambamba, zote mbili zinaweza kuuliza kwa wakati mmoja na zote zikajibiwa hapana. Mwachie databesi akatae. Hiyo ndiyo kazi anayoijua.

Na wewe binti wa Mwanza, dawa hii hii inaponya oda zenu mbili. Kitambulisho cha oda kitengenezwe mteja anapofungua ukurasa wa kulipia, si anapobonyeza. Akibonyeza mara tano, zote tano zitakuja na kitambulisho kimoja na databesi itapokea ya kwanza.

SMS haiingii kwenye muamala wa databesi, kwa hiyo mara chache sana mtu atapata meseji mbili za asante. Hapo msijichoshe. Meseji mbili ni kero ndogo. Tumieni nguvu zenu kwenye hela na kwenye stoo.

Mmoja wenu ameniuliza kuhusu muda. Kwenye SQS, huduma ya foleni ya Amazon, ujumbe ukishachukuliwa unafichwa kwa sekunde 30 usipobadilisha chochote. Kazi yako ikichukua sekunde 45, kwenye ya 31 mwingine anaweza kukabidhiwa ujumbe uleule wakati wewe bado unaushughulikia. Hakuna kilichozimika wala kuharibika, na bado umejirudia. Pimeni kazi zenu zinachukua muda gani siku ya msongamano, na muongeze muda wa kuficha kulingana na hapo.

Upande wa mtangazaji nao una mtego wake. Huduma ya oda inaandika oda kwenye databesi, kisha inatangaza. Ikizimika kati ya hayo mawili, oda ipo na dunia haina habari: stoo haifungi mzigo, mteja anasubiri. Ukigeuza, ukatangaza kwanza halafu databesi ikagoma, stoo inafunga mzigo wa oda isiyokuwepo. Suluhisho wahandisi wamelizoea kwa miaka: ndani ya muamala uleule unaoandika oda, andika pia tangazo kwenye jedwali la jumbe zinazosubiri kutoka. Programu ndogo pembeni inapita kwenye jedwali hilo kila baada ya muda mfupi, inapeleka kila tangazo kwa broka, kisha inaliwekea alama kwamba limetoka. Oda ikiandikwa, tangazo limeandikwa. Oda ikigoma, tangazo nalo halipo. Na ile programu ya pembeni ikizimika baada ya kupeleka na kabla ya kuweka alama? Itapeleka tena. Msikilizaji wako mwenye jedwali la vitambulisho atalipokea bila wasiwasi. Mmeona vinavyoshikana? Ndiyo maana nimeanza na msikilizaji.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania mna bahati moja. Wengi wenu mmeshaishi na jumbe za baadaye bila kuzipa jina hilo. Aliyewahi kuunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu, anajua. Unatuma ombi, kiboksi kinachomoza kwenye simu ya mteja aweke namba ya siri, na wewe unajibiwa papo hapo. Lakini jibu hilo linasema tu kwamba ombi limepokelewa, pamoja na CheckoutRequestID. Hela bado. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye kwenye anwani uliyoitoa: ResultCode 0 kama amelipa, 1032 kama ameghairi. Wanaochanganya jibu la kwanza na malipo wanajikuta wanatoa mzigo bure. Hiyo si kutangaza kwa wengi, ni jibu la kuchelewa kwa mtu mmoja, lakini adabu yake ni ileile. Matokeo yakifika yahifadhini haraka, jibuni kwamba mmepokea, na kazi zote nzito ziwafuate wasikilizaji kwa njia ya tukio MalipoYamepokelewa. Msitengeneze risiti ya PDF huku aliyewaletea matokeo amesimama anasubiri. Na msikae mkitegemea kwamba matokeo lazima yaje. Ipo huduma ya kuuliza hali ya ombi. Ulizeni kila ombi lililokaa kimya kupita kiasi.

Wakati huo mwambieni mteja ukweli. "Ombi lako tumelipata, tunasubiri uthibitisho wa malipo" ni sentensi ya heshima. Mtu aliyekatwa hela na kuona skrini nyeupe anapandwa na hofu, na hofu hiyo mnaweza kuizuia kwa mstari mmoja.

Mpangilio wa jumbe nitaueleza kwa kifupi. Kafka hugawa mada katika patisheni, na ndani ya patisheni moja jumbe hubaki kwa mpangilio zilivyoingia. Kati ya patisheni na patisheni hakuna ahadi. Tumieni namba ya oda kama ufunguo, ili matukio yote ya oda moja yaende patisheni moja, yafuatane. Ila mkiongeza idadi ya patisheni baadaye, ufunguo unaweza kuangukia patisheni nyingine, kwa hiyo idadi hiyo ifikirieni mapema. Kwenye foleni za kawaida zenye wafanyakazi wengi, au ujumbe unaporudishwa kujaribiwa tena, mpangilio unavurugika hata pasipo kosa. Wekeni namba ya toleo kwenye kila tukio, na msikilizaji akiona la zamani limekuja baada ya jipya, aliache.

Kuna ujumbe mwingine ambao hautashughulikika hata ukijaribiwa mwaka mzima, kwa mfano tarehe imeandikwa vibaya, au kiasi hakipo. Msikilizaji anashindwa, anaurudisha, anapewa tena papo hapo, anashindwa, na sava inaungua kwa kazi ya bure huku jumbe nzuri zikikaa nyuma yake. Mwekeeni kikomo. Baada ya majaribio machache, yanayoachana kwa muda unaozidi kuongezeka, ujumbe uhamie kwenye foleni ya zilizoshindikana. Na foleni hiyo lazima iwe na mwenyewe, mtu wa jina, anayeifungua kila siku. Kila mstari humo ndani ni mteja fulani ambaye jambo lake halijaisha. Nimeona timu zenye foleni za namna hii zilizojaa na hakuna anayejua zimejaa tangu lini. Linanisikitisha kila ninapoliona.

Jambo jingine mtakalolipata ni ukimya. Mnyororo wa zamani ukikatika, kila mtu anajua, kwa sababu mteja analalamika. Msikilizaji akifa, mambo ya mbele yanaendelea kung'aa na foleni inajaa taratibu nyuma ya pazia. Kwa hiyo pimeni urefu wa kila foleni na umri wa ujumbe uliokaa muda mrefu zaidi, na kengele ilie umri huo ukipita kiwango mlichokubaliana. Kwa kawaida Kafka hutunza jumbe kwa siku 7 usipobadilisha mpangilio. Msikilizaji aliyekufa bila mtu kujua kwa muda unaozidi hapo ameshaanza kupoteza. Na kila ujumbe ubebe namba moja ya ufuatiliaji tangu mteja anapobonyeza hadi SMS inapotoka, iandikwe kwenye logi za kila huduma. Dada wa huduma kwa wateja akipigiwa simu na mtu anayesema hela imekatwa na mzigo hauonekani, aweze kuingiza namba hiyo na kuona ujumbe umekwama wapi, badala ya kumwambia mtu avumilie saa 48.

Suala la siri za watu halisemwi vya kutosha. Tukio linaposikilizwa na huduma kumi, chochote mlichoweka ndani kimeenda sehemu kumi na kinakaa kwenye diski kwa siku kadhaa. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mteja inafanya nini kwenye tangazo la malipo? Namba ya simu je? Wekeni kitambulisho cha mteja, na mwenye haki ya kujua zaidi aulize huduma ya wateja kwa ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Lakini hata isingekuwepo sheria, yule ni mtu aliyewaamini.

Haya, turudi kwa bosi na Kafka yake. Kila zana ilizaliwa na shida ya kwao. Kafka ilitengenezwa LinkedIn na Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao, ikawekwa wazi kwa umma mwaka 2011, kwa sababu walikuwa na mafuriko ya kumbukumbu za kila mtu anachobonyeza na walitaka kuzisoma na kuzirudia. RabbitMQ ilitoka 2007, ikitumia lugha ya mawasiliano iitwayo AMQP iliyoanzia benki ya JPMorgan Chase, na ni hodari wa kugawa kazi kwenye foleni. MQTT iliundwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ndiyo maana vifaa vidogo vyenye mtandao dhaifu vinaipenda. Redis nayo ina matangazo, mepesi na ya haraka, lakini asiyekuwepo wakati wa tangazo amelikosa moja kwa moja. Kwa kuonyesha nani yuko mtandaoni ni sawa, kwa malipo hapana.

Kwa duka lenu, lenye oda chache kwa dakika na timu ndogo, ningeanza na RabbitMQ, au hata bila broka kabisa. Postgres tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 ina SKIP LOCKED, inayowezesha wafanyakazi wengi kuchukua kazi kwenye jedwali moja bila kugombania mstari mmoja. Jedwali kama hilo linabeba biashara kubwa kuliko mnavyodhani. Na kama mko watu wawili watatu, jiulizeni pia kama zile huduma tano zilihitajika. Martin Fowler, ambaye mwaka 2014 aliandika na James Lewis makala iliyowafanya wengi wazijue maikrosevisi, mwaka uliofuata alishauri watu waanze na mfumo mmoja mzima na kuugawa pale tu unapowaelemea. Bosi akikasirika, mpelekee ile hesabu ya asilimia 95 na umwonyeshe ni huduma zipi mtaziondoa kwenye mnyororo, na lini. Bosi anayejali biashara atasikiliza namba.

Kuna mmoja ameuliza: hela imeshaingia, halafu mzigo umeharibikia stoo, nalifutaje tukio? Hulifuti. MalipoYamepokelewa ni kweli na itabaki kweli. Unatangaza jipya, MzigoUmeharibika, na huduma ya malipo ikilisikia inarudisha hela na kutangaza HelaImerudishwa. Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliandika kuhusu mpango wa aina hii mwaka 1987, kila hatua ikiwa na hatua yake ya kurekebisha. Anzeni kuziandika hatua za kurekebisha siku mnayoandika hatua zenyewe, maana baadaye hamtapata muda.

Kwa hiyo, binti wa Mwanza, wiki hii usiguse kitu kingine zaidi ya SMS na ripoti. Zitoe kwenye mnyororo, ziwe wasikilizaji wa tukio moja, na jedwali la jumbe zinazosubiri kutoka liwe upande wa malipo. Pochi na pointi zifuate baadaye. Kabla hujapeleka kwa wateja, fanya majaribio matatu kwenye sava ya majaribio. Tuma tukio moja mara mbili, uangalie kama ripoti imelihesabu mara moja tu. Zima msikilizaji kwa nguvu akiwa katikati ya kazi, umwashe, uangalie tena ripoti. Kisha zima huduma ya SMS kabisa, ununue bidhaa kwa simu yako mwenyewe, na uone kama oda inapita bila kiduara. Lolote kati ya hayo matatu likigoma, usiweke hewani, hata bosi akisimama nyuma ya kiti chako. Niandikie unieleze lipi liligoma, na unitumie sehemu ya msimbo wa msikilizaji, nitaisoma.